Morfudd Elin Wynne (1930–2014) na Neno la Kiwelisi la Kufa

Marehemu Morfudd Elin Wynne, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Parri, alizaliwa Jumanne tarehe 11 Novemba 1930 katika nyumba namba nne, Mtaa wa Juu, Cwm Hafnog, kaskazini mwa Welisi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Robat Parri, mpasuaji wa mawe ya kuezekea, na mkewe Catrin. Baba yake alikuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu ya mvua, na mara zote alipenda kusema kwamba huyo ndiye mtoto pekee aliyezaliwa yeye akiwepo, kwa kuwa machimbo yalifungwa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1935. Alipokuwa na miaka tisa babu yake, mzee Elis Parri, alifariki. Morfudd alitumwa jikoni kumpa habari shangazi yake aliyekuwa ametoka kushuka basi, naye akasema, "Marwodd Taid," yaani babu alikufa. Bibi yake, akiwa na leso mkononi na machozi bado usoni, akamrekebisha palepale.

"Halisemwi hivyo. Sema bu farw."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu halisemwi."

"Lakini tunasema rhedodd, alikimbia, na canodd, aliimba. Kwa nini siyo marwodd?"

"Babu yako amelala chumbani pale, hata hajapoa, na wewe unaniuliza kwa nini?"

Hakujibiwa siku hiyo. Mwaka 1942 alifaulu kwenda shule ya sekondari mjini, ambako Kiwelisi kilifundishwa saa tatu kwa wiki na masomo mengine yote yalikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1949 aliingia Chuo Kikuu cha Bangor, akajifungia maktaba miaka minne, na tasnifu yake ikawa juu ya neno hilo hilo moja, marw. Aliandika kwamba neno hilo halikuanza maisha yake likiwa kitenzi. Lilianza likiwa kivumishi, maana yake mfu, na Waayalandi mpaka leo wana ndugu yake, marbh, lenye maana hiyohiyo. Ndiyo sababu, kwa maoni yake, Wawelisi hawakuzoea kulibebesha viambishi vya nafsi na vya wakati uliopita kama vitenzi vingine. Wanaazima kitenzi cha kuwa na kusema bu farw: alikuwa mfu, akaingia katika hali ya ufu. Wabretoni wa ng'ambo ya bahari, ambao ni binamu zetu wa lugha, walilizoeza neno lao likabeba viambishi vyote. Letu lilikataa.

Sehemu ya tasnifu hiyo ilihusu jambo dogo ambalo kila mtoto wa Kiwelisi analijua bila kufundishwa. Katika lugha yetu herufi ya kwanza ya neno hubadilika kufuatana na kazi neno linalofanya. Ukisema mtu fulani "yn marw", kwa m, unatumia kitenzi: mtu huyo anakufa, pumzi bado ipo. Ukisema "yn farw", ambayo hutamkwa varw, unatumia kivumishi: mtu huyo amekwisha kufa. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kufunga midomo au kugusisha meno ya juu kwenye mdomo wa chini. Mwalimu wake aliandika pembeni mwa ukurasa huo kwamba hoja ni sahihi ila haina matumizi.

Alianza kazi ya ualimu katika shule ya Cwm Hafnog mwezi Septemba 1953. Jumamosi alikusanya maneno kwa ajili ya kamusi, akienda mpaka kwenye kibanda ambako wachimbaji walinywea chai, kitu ambacho wanawake hawakuwa wakifanya. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango na vikaratasi vyake, akiuliza majina ya vifaa na ya nyufa za mwamba. Aliyemtania kuliko wote ni Ithel Wynne, mchimbaji wa vyumba vya machimbo vilivyo chini ya ardhi.

"Mwalimu, hicho kitenzi chako bado hakijafa?"

"Hakiwezi, Ithel. Hakina wakati uliopita."

"Basi kina bahati kuliko sisi."

Mwaka 1957 walianza kutembea pamoja Jumapili baada ya ibada. Kijiji kizima kilijua, kama ilivyo desturi ya hapa, kabla wao wenyewe hawajaambiana.

Alhamisi tarehe 13 Februari 1958, yapata saa nne na nusu asubuhi, dari la chumba namba saba lilishuka. Walikuwa wawili tu humo: Ithel, na mwenzake wa kazi kwa miaka sita, Gito Ellis, ambaye pia alikuwa mtunzaji wa kanisa hili la Seion. Gito alibanwa miguu na kiuno chini ya bamba la mwamba. Ithel alipigwa na kipande usoni, mdomo wake wa chini ukapasuka. Aliushika mtaimbo akajaribu kulinyanyua bamba mpaka mtaimbo ukapinda. Kisha akavuta waya wa kengele ya hatari. Kengele haikulia. Akapanda ngazi mia mbili na kumi na mbili, akamkuta nyapara, Bwana Idwal Preis, mlangoni mwa ofisi. Tangu hapo ilipita saa moja na dakika arobaini kabla mtu yeyote hajashuka. Waliposhuka, Gito alikuwa ameshafariki.

Ithel alipelekwa zahanati akashonwa nyuzi tano. Akiwa huko Idwal alimletea karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Ithel aliijua kwa kuhesabu na kusalimia tu. "Nimeandika ulivyoniambia," akasema. "Weka jina lako hapa." Ithel akaweka. Karatasi ilisema kwamba alipomwacha mwenzake, mwenzake alikuwa ameshakufa.

Baraza la uchunguzi wa kifo lilikaa Jumatano tarehe 26 Februari katika ukumbi wa shule. Mchunguzi wa vifo alitoka mbali na hakujua Kiwelisi. Mkalimani wa serikali alikwama njiani kwa theluji, na kufika saa tatu asubuhi ilikuwa wazi hatafika. Wakamtuma mtu darasani kwa Morfudd, akaja na chaki bado vidoleni.

Kwenye ujia wa makoti Idwal alimsimamisha. Hakupandisha sauti. "Binti Robat, sikiliza. Leusa Ellis ameambiwa mumewe Gito aliondoka mara moja, hakusikia kitu. Ndicho kinachompa usingizi. Usimwamshe." Alipoona hajibu akaongeza, "Baba yako ana miaka thelathini na mmoja kwetu, siyo?"

"Thelathini na miwili, Bwana Idwal. Ungemuuliza mwenyewe, yuko hapo nyuma yako."

Robat Parri alikuwa kweli hapo, akining'iniza kofia yake.

Mchunguzi alimuuliza Morfudd kama ana undugu na mtu yeyote mwenye shauri hilo.

"Sina undugu, bwana. Lakini nimekuwa nikitembea na shahidi."

Ukumbi ulicheka kidogo. Mchunguzi akatazama theluji dirishani. "Kuna mwingine anayeweza kazi hii?"

"Waliobaki ni wa kampuni au wa familia ya marehemu."

Akamwapisha.

Ithel alisimama mbele, mdomo umevimba, nyuzi nyeusi zikionekana. Mbele yake, kiti cha kwanza, alikaa Leusa, mjane wa Gito, na nguo nyeusi ya kuazima iliyompwaya mabegani. Maswali ya kwanza yalikwenda salama. Kisha mchunguzi akauliza mwenzake alikuwa katika hali gani alipomwacha. Morfudd akatafsiri. Ithel akajibu kwa maneno matatu, chini chini, kwa mdomo ule.

Morfudd alisikia m. Watoto wake waliwahi kumuuliza mara nyingi kama alikuwa na hakika, naye aliwajibu kila mara kwamba alikuwa na hakika, na kwamba kwa muda wa kuvuta pumzi mbili alitamani asingekuwa nayo. Alijua kilichokuwa upande wa kila herufi. Akisema f, mambo yanalingana na karatasi, Ithel anarudi kazini, baba yake anabaki mahali pake, na mwanamke aliye kiti cha mbele anabaki na kifo chepesi. Akisema m, mchumba wake ni mtu aliyemwacha mwenzake hai kisha akatia sahihi uongo.

"Alikuwa anakufa," akatafsiri.

Wakili wa kampuni akainuka mara moja. Alijua Kiwelisi cha kutosha kununulia nyama. "Napinga. Shahidi amesema farw. Amekufa. Ndivyo ilivyo kwenye maelezo yake, na ndivyo masikio yangu yalivyosikia. Mkalimani ni mchumba wake, anamtafsiria kama anavyopenda."

"Wakili," mchunguzi akasema, "tafsiri hii inamfanya mchumba wake mwongo, na labda mwoga. Sioni anachofaidi." Kisha akamgeukia Morfudd. "Lakini nieleze. Kuna tofauti gani kati ya unachosikia wewe na anachosikia yeye?"

"Herufi moja, bwana. Kwa m ni kitenzi, mtu anaelekea. Kwa f ni kivumishi, mtu ameshafika. Lugha yetu haikuweka kitu kingine katikati yao."

"Na mdomo wa shahidi una jeraha."

"Ndiyo, bwana."

"Basi arudie. Mwambie aseme polepole, na wazee wa baraza wamtazame."

Morfudd akamgeukia Ithel. Kiapo hakikumruhusu kuongeza neno lake, wala hakuongeza. Alisema tu, "Unaombwa urudie jibu lako. Polepole."

Wazee tisa wa baraza waliinama mbele. Kila mtu ukumbini, isipokuwa mchunguzi, alijua kwamba Ithel angeweza kujiokoa kwa kuacha midomo yake isikutane. Jeraha lilimpa hata kisingizio. Alimtazama Leusa, akamtazama Idwal, kisha akaifunga midomo mpaka uzi mmoja ukakatika na damu ikatoka.

"Roedd o'n marw."

"Alikuwa anakufa," Morfudd akasema.

Baada ya hapo Ithel alisema bila kuulizwa, naye Morfudd akamfuata sentensi kwa sentensi. Kwamba Gito mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. Kwamba kengele ilikuwa mbovu tangu mwanzo wa mwezi. Kwamba alipofika juu alimwambia nyapara neno lile lile, kwa m, na nyapara akawaambia watu waliokuwa tayari na kamba, "Tulieni. Amekufa. Hakuna wa kushuka mpaka dari likaguliwe."

Idwal alipoitwa alisema kwamba alisikia f. "Mdomo wake ulikuwa umejaa damu, bwana. Nilisikia amekufa. Ningesikia anakufa, ningeshuka mwenyewe." Morfudd hakuwahi kuamua kama mtu huyo alisikia vibaya au alisikia alichotaka, na aliwakataza watoto wake kumwamulia.

Baraza liliandika kwamba kifo kilikuwa cha ajali, kwamba kengele haikufanya kazi kwa siku kumi na moja, na kwamba maelezo ya shahidi yaliandikwa kinyume cha alivyosema. Kengele ilitengenezwa wiki hiyo. Ithel hakuitwa tena kazini. Robat Parri alihamishwa kutoka banda la wapasuaji akapelekwa kusukuma vigari nje kwenye upepo, akiwa na miaka hamsini na sita. Jioni ya kwanza aliporudi, alikaa mezani akamwambia Morfudd, "Mkalimani, nipitishie viazi." Ndivyo alivyomwita mpaka siku yake ya mwisho.

Kijiji hakikuwa na neno moja. Wapo waliosema Ithel alifanya kilichowezekana, na wapo waliosema mwanamume hamwachi mwenzake chini ya jiwe akiwa anapumua. Mwanamke mmoja alihamisha mtoto wake kutoka darasa la Morfudd. Na Leusa, akitoka ukumbini siku ile, alisimama mbele ya Morfudd na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuwa na kifo cha haraka. Umekichukua. Sasa nina saa moja na dakika arobaini, na sijui niziweke wapi." Hakumsemesha tena kwa miaka mitatu. Wakikutana njiani alivuka upande wa pili akimvuta binti yake mdogo, Mairwen, kwa mkono. Ithel alikwenda kugonga mlango wake mara nne, na mara zote nne haukufunguliwa.

Marehemu alifunga ndoa na Ithel Wynne Jumamosi tarehe 6 Agosti 1960 hapa Seion, mbele ya watu kumi na wanne. Ithel alikuwa amepata kazi ya kutengeneza barabara za wilaya. Haikuwa nyumba ya furaha tupu. Ithel aliamka akisema lile neno, akijaribu m yake, akimuuliza mkewe kama linasikika. Alikuwa na wazo kwamba mdomo wake ndio uliomuua Gito. Morfudd, aliyejua kila kitu kuhusu neno hilo, alimjibu tu, "Linasikika, Ithel. Linasikika." Aliwahi kukiri kwa binti yake kwamba katika miezi hiyo aliichukia kazi yake yote.

Machi 1961, mchana wa Jumamosi, mlango ulibishwa. Alikuwa Leusa. Hakutaka kuvua koti wala kukaa. Alimtazama Ithel akasema, "Kama alikuwa anakufa, alikuwa anaongea. Nataka kujua alisema nini. Na usinipambie."

Ithel akainuka kitini. "Hakusema mambo makubwa, Leusa."

"Sikuomba makubwa."

"Alisema miguu haimuumi. Alisema Mairwen asikatwe nywele. Kisha akasema, 'Mwambie Leusa ufunguo wa kanisa umo kwenye koti langu la Jumapili, mfuko wa ndani. Asije akahangaika kuutafuta.'"

Leusa akaweka mkono ukutani. Siku ya mazishi wazee wa kanisa walikuwa wamevunja kufuli la Seion kwa nyundo, jeneza likisubiri kwenye mvua, baada ya nyumba nzima kupekuliwa. Na Gito alizikwa na koti lake la Jumapili.

"Amezikwa nao," akasema Leusa. "Mtu yule. Amezikwa nao." Akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akakaa na kuvua koti. Alikunywa chai vikombe vitatu. Alipoondoka alimwambia Morfudd mlangoni, "Ningekuwa na kifo cha haraka, nisingekuwa na hili." Hilo halikuponya kila kitu, na marehemu hakupenda watu wasimulie kana kwamba liliponya. Lakini Ithel alianza kulala usiku kucha.

Mungu aliwajalia watoto wawili: Non, anayewasomea haya, mwaka 1962, na Gwilym, mwaka 1965. Non alipokuwa na miaka minne alimkuta paka amekufa barazani akatangaza, "Marwodd paka." Mama yake, mtu aliyetumia ujana wake kulichunguza kosa hilo, hakumrekebisha. Alimbeba, akamweleza kwamba ni wazo zuri, na kwamba watu wazima bado hawajalikubali.

Morfudd aliendelea kufundisha hadi Julai 1990. Alipeleka kwenye kamusi vikaratasi zaidi ya elfu nane. Mara nyingi alialikwa kwenda kuwa mkalimani mahakamani, naye alikubali kila mara, kwa sharti moja, kwamba kabla ya kuanza akae nusu saa na shahidi wakiongea mambo ya hali ya hewa, ili aizoee midomo yake. Mumewe alifariki tarehe 2 Mei 1994 kwa vumbi la mawe lililokuwa kifuani mwake tangu ujana. Leusa aliyemtangulia kwa mwaka mmoja aliuguzwa na Morfudd miezi minne, katika chumba cha mbele cha nyumba ya Wynne.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika mwaka 2011, moyo ukawa unachoka. Alilazwa mara mbili hospitalini, na mara ya tatu alikataa kwenda. Wiki za mwisho Mairwen Ellis alihamia chumba cha pembeni, akimlisha mchuzi wa kondoo kwa kijiko na kubishana naye juu ya chumvi. Asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Februari 2014, saa mbili na robo, akiwa na watoto wake na Mairwen kando ya kitanda, alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Marehemu ameacha mdogo wake wa mwisho, Emrys Parri, watoto, Non na Gwilym, Mairwen, wajukuu watano, Lleucu, Iolo, Tegid, Mabli na Guto, na kitukuu mmoja, Nanw. Baadhi yenu mmeuliza kama jina la Mairwen limewekwa hapo kimakosa. Orodha hii iliachwa na marehemu mwenyewe kwenye bahasha, kwa mwandiko wake, na mbele ya jina hilo ameandika: "Baada ya Gwilym, kabla ya wajukuu. Msibadilishe."

Hatukubadilisha. Mwenyezi Mungu ampokee Morfudd Elin, na ampe pumziko tulivu.